Kabureta ya Pijo la Baba

Mofu,
Jumatatu, 11 Machi 2024

Kaka Fridolin,

Shikamoo. Mama anakusalimu, Digna anakusalimu. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu iliingia maji wiki iliyopita nilipokuwa navuka kwenda shambani. Na hata ingekuwa nzima, huko msituni kwenu simu ni ya kuangalia saa tu. Barua hii nampa Anold wa behewa la mizigo, ameniahidi atakukabidhi mkononi pale stesheni ya Uchindile.

Kaka, masika yameanza vibaya. Maji ya mto yameshaingia kwenye mpunga wa chini, na barabara ya kutokea kijijini imekuwa tope la kumeza gumboti. Lakini siogopi maji, namwogopea mwanangu Digna. Unakumbuka mwaka jana ule ugonjwa wake wa damu, selimundu, ulivyombana mvua inanyesha, tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma, yeye katikati, tukaanguka mara mbili kabla ya kufika barabara kubwa. Alilia mpaka sauti ikakata. Kila wingu likiwa jeusi naisikia ile sauti inavyokata. Daktari wa Ifakara aliniambia, mama, huyu akibanwa asicheleweshwe hata saa moja. Sasa ana miaka mitano, baba yake yuko Tunduma hata salamu hatumi, na mwenye bodaboda ameniambia wazi kwamba masika hii hatamchukua tena.

Kwa hiyo nimeamua kulifufua Pijo la Baba, ile pikapu yake. Nimeweka betri, nimemwaga petroli iliyokaa mwaka mzima nikatia mpya, plagi nimezisugua kwa msasa kama tulivyokuwa tunamwona Baba akifanya. Linawaka! Ila linawaka nikiwa nimevuta choki, ile ya kubana hewa. Nikiirudisha tu, linakohoa mara mbili, linazima. Na moshi wake ni mweusi. Nadhani ni kabureta. Wewe ndiye fundi, nieleze nishike wapi na nizungushe nini, nieleze kama mtu asiyejua kitu. Kuendesha najua, hilo Baba alinifundisha.

Jambo moja tu. Ba'mdogo Nickolaus asijue. Tangu tumzike Baba anasema gari lile lisiguswe. Ukipata nafasi ya kuongea naye, usilitaje.

Mdogo wako,
Balbina


Uchindile,
Ijumaa, 15 Machi 2024

Balbina mdogo wangu,

Marahaba. Nilisoma barua yako karakanani nimekaa juu ya tairi la trekta, nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni. Wewe uliyekuwa unakimbia Baba akipiga honi, leo unasugua plagi!

Haya, sikiliza. Baada ya mwaka mzima kabureta lazima ina uchafu. Ifungue bakuli lake, utaona mashapo na kitu kama gundi kavu, ukioshe chote kwa petroli safi. Vile vitundu vidogo vipulizie kwa mdomo, usichokonoe kwa waya. Kisha lisukumeni gari hadi uani, penye mwanga, uliwashe lipate moto vizuri. Usirekebishe chochote injini ikiwa baridi, itakudanganya.

Ubavuni mwa kabureta, chini, kuna skrubu mbili. Ile yenye springi kubwa inaongeza na kupunguza mwendo wa injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma yenyewe bila kukanyagwa. Ile ndogo ndiyo ya mchanganyiko. Hiyo inaamua petroli kiasi gani ikutane na hewa kiasi gani. Ikaze polepole mpaka iguse mwisho, usiilazimishe, halafu ilegeze mzunguko mmoja na nusu. Washa. Sasa ikaze kidogo kidogo, robo kwa robo. Injini itaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Rudi nyuma mpaka itulie na kuimba. Hapo ndipo penyewe.

Shahidi wako ni plagi. Ukiitoa ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Ikiwa na rangi ya kahawia kama maganda ya karanga, umemaliza kazi.

Ba'mdogo sitamwambia. Lakini naye mwacheni, huzuni ya kufiwa na kaka haipimwi kwa kibaba.

Kaka yako,
Fridolin


Mofu,
Jumatano, 20 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema. Kabureta niliioshea kwenye beseni la kuoshea mchele, Mama amenuna hadi leo. Ile skrubu ndogo nimeipata. Sasa linakaa sailensa kama dakika kumi, halafu linaanza kupiga miluzi na kuzima. Plagi tatu nyeusi, moja inaelekea kahawia. Kwa hiyo tunasogea.

Lakini kaka, kuna kitu. Sijui nikuandikie vipi usinione mjinga. Kila nikiliwasha naumwa kichwa, hapa kwenye paji, kama nimefungwa kamba. Jana nilipozima na kutaka kusimama, magoti yalikataa. Nilikaa chini, masikio yanalia nziiii, moyo unakimbia kama nimefukuzwa na kiboko. Nilipotoka nje ikapoa polepole. Digna naye jana alitapika mara mbili, akasema, "Mama, kichwa kinanigonga." Nilidhani ndiyo selimundu inaanza, lakini miguu haimuumi wala mikono, na asubuhi aliamka akaomba uji.

Na kuku wawili waliokuwa wanalalia mayai wamekufa. Hawakuwa na mdondo wala nini. Tumewakuta wamelala juu ya mayai yao kama wanasinzia.

Mama anasema tuache. Mimi sitaki kuacha, tumebakiza kidogo. Huwa nasubiri mvua kubwa ndipo nawasha, Ba'mdogo asisikie. Nyumba yake ni hatua hamsini tu kutoka hapa, unajua. Juzi alipita akasimama, akanusa, akauliza, "Mbona hapa pananuka petroli?" Nikamwambia nimesafisha jiko.

Niambie nifanye nini ili lisizime.

Balbina


Uchindile,
Ijumaa, 22 Machi 2024

Balbina,

Marahaba. Nimeelewa tatizo liko wapi, na ni lako mwenyewe! Unasimama kwenye mvua kubwa na boneti wazi. Unyevu ukiingia kwenye distribyuta, ile inayogawa umeme kwa plagi, injini lazima izime. Na wewe ukilowa hivyo, kichwa kitaacha kuuma? Hiyo ni baridi, pengine na malaria juu yake. Mpeleke Digna zahanati kwa Luciana ampime, na wewe upimwe.

Acha kulifanyia kazi uani. Mvua ikinyesha liingizeni kwenye banda la Baba, mtakuwa pakavu, na mlango mkiurudishia hata Ba'mdogo hatasikia. Hayo ya sailensa kuzima baada ya dakika kumi, tatizo ni kwamba hujaliacha lipate moto kamili. Dakika kumi hazitoshi. Siku ukipata nafasi liache liungurume nusu saa, hata zaidi, ndipo ukamilishe ile skrubu. Injini ya zamani ni kama bibi kizee, ukimwamsha mpe muda wa kunyoosha mgongo.

Kuku ni kuku. Usinitie hofu kwa kuku.

Huku tunakata miti hata mvua ikinyesha, msimamizi hana huruma. Nikipata likizo baada ya Pasaka nitakuja nilione hilo Pijo linavyoimba.

Fridolin


Mofu,
Jumanne ya Juma Kuu, 26 Machi 2024

Kaka Fridolin,

Shikamoo. Nakuandikia ukweli ambao sikuuandika mwanzo, na nakuomba usinikasirikie.

Gari halijawahi kufika uani. Liko bandani tangu siku ile tulipomtoa Baba. Baada ya matanga Ba'mdogo alitia kufuli kubwa mlango wa nje, ufunguo anao yeye shingoni, pamoja na rozari. Mimi huingia kwa kile kimlango cha ndani, cha kutokea chumba cha Mama. Nilinyamaza kwa sababu nilijua ungeniambia kwanza niende kwake nikaombe ufunguo, na yeye asingenipa. Nia yangu ni kwamba siku Digna akibanwa nitalivunja hilo kufuli kwa nyundo, nimpakie, niondoke. Nani atanishtaki kwa hilo?

Kwa hiyo ulipoandika tuliingize bandani nilifurahi, nikaona kumbe sijakosea.

Lakini kaka, naogopa. Kuna kitu mle ndani. Jumamosi niliwasha, nikaona nuru ya taa imekuwa na duara, nikasikia usingizi mzito mtamu, kama mtu ananibembeleza. Niliamka nimelalia matairi ya akiba, injini imezima yenyewe, petroli imeisha. Sijui nililala muda gani. Upande wa pili, chumbani, Mama alikuwa anatapika. Unajua ule ukuta wa banda haujafika kwenye bati, kila kinachosemwa huku kinasikika kule. Digna hatukuweza kumwamsha upesi. Alipofumbua macho alinitazama kama hanijui.

Luciana alitupima malaria sote watatu. Hakuna hata mmoja.

Wewe hukumwona Baba. Ulifika tumeshazika, treni ilichelewa. Mimi na Mama tulimwona. Alikuwa amekaa chini kando ya gari, mgongo umeegemea tairi, bisibisi mkononi, mvua nje inapiga. Hakuwa na jeraha. Na midomo yake, kaka, na kucha zake, vilikuwa vyekundu, vyekundu vya mtu aliyetoka kucheza ngoma. Mama alipokuwa anamwosha alisema, "Huyu hajafa, mwangalieni." Ndipo maneno ya jini yalipoanza. Baba alilinunua gari kwa Mzee Muhidin wa dukani, watu wakasema Muhidin aliliuza na kitu chake ndani. Walimwandama na maneno mpaka akafunga duka, akamchukua mkewe Asmahani na watoto, wakahamia Ifakara. Mimi sikuwahi kusadiki. Sasa usiku nasikia Mama akisali kwa sauti kuelekea ule ukuta, na sijui tena ninasadiki nini.

Hata hivyo sitaacha. Plagi zote nne sasa zina rangi ya maganda ya karanga. Imebaki kulipa moto mrefu uliosema. Ijumaa Kuu watu wote watakuwa kwenye Njia ya Msalaba, Ba'mdogo ndiye mbeba msalaba mwaka huu. Nitaliwasha saa nane mchana, niliache hata saa nzima, nikamilishe, basi. Mama na Digna watabaki nyumbani, Digna bado mlegevu.

Tuombee.

Balbina


Uchindile,
Alhamisi Kuu, 28 Machi 2024, saa moja jioni

BALBINA USILIWASHE.

Barua yako imenifikia sasa hivi. Treni ya kushuka imepita mchana, nyingine ni Jumamosi, najua barua hii haitawahi, naandika hivyo hivyo.

Hakuna jini. Ni moshi. Si ule mweusi unaouona, huo ni masizi tu. Injini ya petroli inatoa hewa nyingine isiyo na rangi wala harufu, na ukiivuta inakaa kwenye damu mahali pa hewa nzuri. Nje inatawanyika haina neno. Ndani ya banda lililofungwa inajaa kama maji kwenye ndoo. Kichwa, kutapika, magoti kukataa, usingizi mtamu. Kucha nyekundu. Vyote ni hiyo. Ukirekebisha kabureta vizuri inapungua lakini haiishi, injini inayoimba vizuri nayo inaua. Inapita juu ya ukuta wenu, inaingia chumbani kwa Mama. Na Digna damu yake ni dhaifu tangu azaliwe.

Mimi nilikwambia uingie bandani. Mimi nilikwambia urudishie mlango. Mimi nilikwambia nusu saa.

Kuna kilima upande wa kitalu cha zamani, ukifika juu simu inashika. Ni mwendo wa saa sita kwa miguu, na njia imekatika sehemu mbili. Natoka alfajiri. Nitampigia Ba'mdogo. Nisamehe, nitavunja siri yako.

Mungu wangu, usiliwashe.

F.


Wodi ya watoto, Ifakara,
Jumapili ya Pasaka, 31 Machi 2024

Ndugu Fridolin,

Mimi ni Luciana, muuguzi wa zahanati ya Mofu. Tulisoma darasa moja, nafikiri unanikumbuka. Balbina ameniomba nikuandikie kwa sababu bado hawezi kushika kalamu. Nianze na lile unalotaka kulijua: wote watatu wako hai. Mama yenu Apolonia ameruhusiwa leo. Balbina anatembea. Digna bado yuko kwenye oksijeni, amefumbua macho jana jioni, hajasema neno.

Simu yako ilimfikia Mzee Nickolaus Ijumaa saa nane na nusu, msafara uko kituo cha sita. Alikuwa na msalaba begani. Simu ililia mfukoni akaiacha, ikalia tena na tena mpaka katekista akamwambia apokee. Anasema alisikia maneno machache, "Balbina... gari la Baba... bandani... mkimbilie," halafu ikakatika na haikurudi. Yeye hakuelewa habari ya moshi. Alielewa kwamba mtoto wa kaka yake amemkaidi, tena Ijumaa Kuu. Alimpa msalaba aliyekuwa nyuma yake akaondoka kwa hasira. Njiani alipita kwake kuchukua shoka. Ameniambia mwenyewe, "Luciana, nilikwenda kulikatakata lile gari."

Mimi nilimfuata kwa sababu nilimwona na shoka.

Tulipofika mvua ilikuwa imeshika. Tulisimama nje ya banda. Injini ilikuwa inaunguruma, laini kabisa, haikohoi wala haitetemeki. Mzee aliita, "Balbina! Zima hiyo kitu utoke!" Hakuna jibu. Aliita tena. Kisha akaanza kumwita shemeji yake, "Apolonia! We Apolonia!" Kimya, injini tu. Hapo niliona uso wake ukibadilika. Ufunguo ulikuwa shingoni mwake lakini hakuutafuta, akapiga kufuli kwa shoka, mara tatu, likakatika.

Balbina alikuwa amelala kifudifudi kwenye kile kimlango cha ndani, nusu bandani, nusu chumbani. Alikuwa anakwenda kwa mtoto. Mama alikuwa kitandani amemkumbatia Digna. Tuliwavuta wote nje, tukawalaza kwenye matope, mvua inawapiga usoni. Balbina alipumua kwa kelele. Mama alitapika. Digna alikuwa anapumua kidogo sana, na midomo yake ilikuwa myekundu. Zahanati yetu haina oksijeni. Nilimwambia Mzee, mtoto huyu hana saa mbili.

Barabarani hapakuwa na pikipiki wala gari. Watu wote walikuwa kanisani. Mzee Nickolaus alilitazama Pijo. Lilikuwa bado linaunguruma, milango ya banda sasa iko wazi. Alifanya ishara ya msalaba, akaingia, akashika usukani. Ndugu Fridolin, mtu yule alikuwa analia kwa sauti kama mtoto. Tuliwapakia nyuma chini ya turubai, hewa inapita, mimi nimemshika Digna. Kutoka Mofu hadi Ifakara kwenye tope lile, halikuzima hata mara moja.

Daktari alisema robo saa nyingine tusingekuwa na la kufanya.

Reli imemegwa na maji huko mbele na treni zimesimama, kwa hiyo barua hii Anold ataituma kwa watu wa kiberenge cha mafundi wa reli. Muombee Digna.

Luciana


Uchindile,
Alhamisi, 11 Aprili 2024

Balbina,

Sijui kama nina haki ya kukuita mdogo wangu katika barua hii.

Ijumaa ile baada ya simu kukatika nilibaki kilimani mpaka giza, napiga, inaniambia mteja hapatikani. Nililala palepale. Jumamosi nilipiga tena hadi chaji ikaisha. Nilishuka nikijua mmekufa. Niliishi siku nne nikijua mmekufa, mpaka barua ya Luciana ilipofika.

Lakini nina neno ambalo ni la zamani kuliko hayo, na nisipoliandika leo sitaliandika tena. Nilijua habari ya moshi tangu nikiwa chuo cha ufundi. Ilikuwa kwenye somo la kwanza kabisa, mwalimu alituandikia ubaoni. Krismasi ile ya mwisho nilipokuja nyumbani, nilimkuta Baba bandani amewasha gari, mlango ameurudishia kwa sababu ya mvua. Nilimwambia, "Baba, tufungue mlango, moshi huu si mzuri." Akasema, "Toka lini kuku akamfundisha kunguru kuruka? Mimi nimeendesha magari kabla hujazaliwa." Nikacheka. Nikamshikia taa. Sikumwambia tena. Sikutaka aone najifanya msomi mbele yake. Miezi minne baadaye akafa.

Nilipofika msibani nikasikia watu wanasema jini, wanasema Muhidin, moyo wangu uliniambia ni moshi. Kucha nyekundu sikuzijua, hilo sikudanganyi, hakuna aliyeniambia. Lakini nilihisi. Nikanyamaza. Kama ni jini basi si mimi niliyeshika taa na kucheka. Nilimwona Mzee Muhidin anapakia mizigo yake kwenye lori, nikampa mkono wa kwaheri, nikanyamaza. Nikarudi huku msituni. Mwaka mzima nimejizoeza kutofikiri, nikafaulu vizuri kiasi kwamba ulipoandika kichwa kinauma, magoti yamekataa, nilikuandikia malaria.

Ungejua Baba alikufa na nini, usingewasha gari mle ndani hata kwa dawa. Ni mimi, Balbina. Siyo gari.

Digna anasemaje? Anasema?

Fridolin


Ifakara,
Jumatatu, 22 Aprili 2024

Kaka Fridolin,

Shikamoo.

Digna anasema. Siku ya kumi aliomba wali na maharage. Anatembea akishika ukuta, mguu wa kulia anauburuta kidogo, na kuna maneno anayatafuta hayaji. Kijiko alikiita mwiko. Daktari anasema huenda yatarudi, huenda yasirudi yote, tusubiri miezi. Kila akilala mchana naweka kiganja mbele ya pua yake. Hofu haijatoka mwilini mwangu, nadhani imeamua kukaa.

Barua yako niliisoma nikiwa peke yangu, nikaichana katikati. Kisha nikaiunga kwa plasta ya hospitali, kwa sababu niliona si yangu peke yangu.

Nilimsomea Mama kwanza. Hakulia. Aliuliza, "Kwa hiyo mume wangu hakuchukuliwa na mtu?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi mimi mwaka mzima nimemchukia mtu bure."

Mzee Muhidin ana duka dogo hapa Ifakara, mtaa wa pili kutoka hospitali. Jana tulikwenda, mimi, Mama na Ba'mdogo. Asmahani alipotuona mlangoni alishika khanga yake kifuani, nadhani alifikiri tumekuja na ubaya mwingine. Ba'mdogo ndiye aliyekuwa mbele ya wote mwaka jana, unajua, yeye ndiye aliyesema lile neno kwa sauti mbele ya duka lao. Alivua kofia. Akanisukuma mbele. Nikaisoma barua yako yote, na pale uliposema ulimpa mkono wa kwaheri ukanyamaza, nikapasoma pia. Sikuruka.

Mzee Muhidin alisikiliza akiwa amesimama, mkono juu ya mzani. Nilipomaliza alisema, "Mwanangu Sumayya alifukuzwa kisimani na wenzake. Alikuwa na miaka tisa. Nilimwambia ni mchezo tu." Hakusema ametusamehe. Hakutufukuza pia. Asmahani aliingia ndani akarudi na chai, tukainywa. Tulipoaga alimuuliza Mama kama mgonjwa anakula. Jioni alileta uji wodini, akaukabidhi mlangoni, akaondoka.

Mzee Muhidin naye alitusindikiza, akamwambia Ba'mdogo jambo moja barabarani, na Ba'mdogo ameniambia nikuandikie. Alisema, "Huyu aliyeandika nimemsikia. Lakini barua haina macho. Nataka aje aniambie mwenyewe."

Kaka, umeniandikia kwenye barua yako kila kitu isipokuwa lini utakuja. Treni zimeanza tena tangu tarehe kumi. Anold ameniambia. Ulipompa barua yako ile tarehe kumi na moja ulikuwa umesimama kwenye stesheni, treni iko mbele yako, ukampa bahasha, ukarudi msituni.

Mimi sijui kama nimekusamehe. Kuna saa nakuwa nimekusamehe, halafu Digna anatafuta neno. Lakini najua kwamba ulitembea saa sita kwenye mvua kwenda kuvunja siri yangu, na bila hivyo Ba'mdogo angebeba msalaba wake mpaka kituo cha kumi na nne. Nayo ni kweli vilevile.

Usiijibu barua hii. Ukiijibu sitaisoma. Panda treni.

Balbina